Mtu Mzima na Kazi ya Ulinzi wa Kompyuta
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Wengi wetu twauliza: je, karani wa miaka 40 aweza kujifunza kuzilinda kompyuta na wezi wa mtandao? Twajibu: aweza. Mwizi wa leo havunji mlango. Huandika barua pepe akijifanya meneja, akitaka fedha zilipwe upesi. Karani aliyezoea kukagua hati na sahihi huutambua uongo huo mapema. Ujuzi huo tusiutupe.

Lakini tusikimbilie vyeti vya bei kubwa. Kwanza tujifunze jinsi kompyuta zinavyopelekeana habari, ndipo ulinzi. Wala tusijaribie kompyuta za watu bila ruhusa: kwa sheria ya Kenya ya 2018, adhabu yaweza kufika faini ya Sh. 5,000,000, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili.

Na gharama je? Mwajiri hutozwa Sh. 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, na akiwafundisha watu wake aweza kudai kurudishiwa gharama. Basi twataka jambo hili liandikwe katika mapatano yetu: kabla mashine haijamwondoa mtu kazini, afundishwe kwanza.

Umoja ni nguvu.