HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA KUTIMIZA MIAKA KUMI YA KIKUNDI

 

Leo tunashukuru. Lakini habari za mabati na ada za shule mtazisoma mbele. Sisi tunataka kusema lile lililotaka kutuua, yaani mwaka wetu wa nne.

Mwaka ule mshika fedha wetu alichukua akiba yetu kwa siri, akaiingiza kwenye kangomba, akitegemea faida ya korosho. Korosho zikakamatwa. Siku ya kugawana tukafungua sanduku, halina kitu. Jamani, tulilia! Ni mwenzetu tuliyesali naye jumuiya moja. Waume wengine wakatucheka. Wengi wetu tulitaka afungwe.

Bibi mmoja kati yetu akasema: "Yuda naye alikuwa mshika mfuko, na Bwana alimwosha miguu pamoja na wenzake. Petro alimkana Bwana mara tatu, lakini akapewa kondoo awachunge."

Basi tukaenda kwake na unga, maana watoto walikuwa hawana chakula. Palepale tukaandika deni mbele ya mjumbe. Kusamehe si kufuta deni. Alilipa kwa misimu mitatu ya korosho mpaka akamaliza. Sanduku tukalitia kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Yeye ufunguo hatujampa mpaka leo, ila hisa ananunua kama sisi. Yupo hapa, na amekubali tuyaseme haya. Wenzetu wawili waliondoka kwa hasira, hawajarudi. Hatuwalaumu. Nafasi zao zipo.

Hapa Lukuledi jambo hili si geni. Wamisionari Wabenediktini walifika hapa mwaka 1895. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ikachomwa moto, na Askofu Kasiani Spiss akauawa njiani kule Liwale pamoja na wenzake wanne. Wazee wetu nao walikuwa wamechoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa za Wajerumani. Kila upande ulikuwa na kidonda chake. Lakini mwaka 1906 Wabenediktini walianza misheni ya Ndanda, na mpaka leo hospitali ya pale ndiyo tunakopeleka wagonjwa wetu. Wangekata tamaa, tungewapeleka wapi?

Akina mama, atakayetukosea tena yupo, labda ni mmoja wetu tuliosimama hapa. Tumfuate nyumbani kwake kwanza, daftari liwe mkononi, na unga uwe kichwani.

Mungu akibariki kikundi chetu. Mungu aibariki Lukuledi.