Habari za Kipande



Tumeagizwa kunena habari za ubaguzi wa rangi uliotawala Kenya zamani za ukoloni. Wengi hudhani kwamba ubaguzi ni dharau ya moyoni tu. Lakini dharau ilipata nguvu hapo ilipoandikwa kuwa sheria, ikapewa makarani na muhuri.

Kwanza ilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa walowezi hati za mashamba za miaka 999. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ikaamua ya kuwa Waafrika hukaa juu ya ardhi yao kwa ridhaa ya Taji la Uingereza tu. Basi mwenyeji akawa mgeni katika nchi ya babu zake.

Lakini shamba halizai pasipo mikono. Ndipo ikaja sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitiwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kuchukua popote aendapo. Wengi waliitia katika kikopo cha bati, wakaining'iniza shingoni kwa kamba. Humo bwana aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuondoka. Asipotia sahihi yake, mtumishi hakuweza kuajiriwa mahali pengine. Naye akienda zake, aliandamwa kama mtoro. Tazameni, kalamu ya mtu mmoja ilikuwa mlango wa kifungo cha mwingine. Wazungu hawakuchukua kipande.

Mwaka 1922 Harry Thuku alikipinga kipande, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Akakamatwa. Watu walipokusanyika Nairobi kudai afunguliwe, tarehe 16 Machi walipigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Mmoja wao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia wanaume moyo.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo walowezi wengi walilalamika, wakisema kutiwa alama za vidole ni fedheha. Wahenga walinena kweli: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Fedheha ile Waafrika walikuwa wameichukua shingoni zaidi ya miaka 25.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na neno kipande lingali midomoni mwa watu kwa maana ya kitambulisho cha raia. Neno limebaki, uchungu wake vijana hawaujui. Kwa hiyo twawasihi, kila mletewapo sheria ya kumbana jirani, ulizeni kwanza: aliyeitunga yu tayari kuivaa shingoni mwake? Asipokuwa tayari, msimsaidie kuiandika, wala msiitie muhuri.