Mazungumzo kwa Wananchi wa Kengeja juu ya Dawa za Kuoshea Mizizi ya Meno





Imezoeleka kwetu kwamba jino likizidi kuuma dawa yake ni kung'olewa. Inafaa ifahamike kwamba jino lililooza hadi kwenye kiini mara nyingi huweza kuokolewa. Tabibu hulitoboa, huondoa kiini kilichoharibika, husafisha mfereji wa mzizi na kuuziba. Lakini mfereji huo haukunyooka kama bomba. Una vichochoro ambavyo chombo cha kukwangulia hakivifikii. Uchafu ukibaki humo, vijidudu huzaliana na usaha hurejea. Panaposhindwa chombo, hutegemewa maji ya dawa, nayo si ya aina moja.

Kwanza ni maji ya chumvi yaliyotakaswa. Hayadhuru, lakini husukuma uchafu tu, hayaui vijidudu.

Pili ni haipokloraiti ya sodiamu, ambayo ni jamii ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mkemia wa Kiingereza Henry Dakin aliitengeneza kwa nguvu ya asilimia 0.5 ili kuoshea majeraha ya askari. Matabibu wa meno huitumia kwa nguvu ya asilimia 0.5 hadi 6. Miongoni mwa dawa hizi nne, ni hii peke yake inayoua vijidudu na papo hapo kuyeyusha nyama iliyokufa. Iliyo kali huyeyusha upesi, lakini ikipenya nje ya ncha ya mzizi huunguza, na uso huvimba kwa maumivu makubwa. Iliyo hafifu nayo huua vijidudu, ilimradi itumike kwa wingi na kubadilishwa mara kwa mara.

Tatu ni klorheksidini ya asilimia 2. Huua vijidudu na nguvu yake hudumu kwa muda baada ya kuoshwa, ila haiyeyushi nyama iliyokufa.

Nne ni dawa iitwayo EDTA, ya asilimia 17. Kazi yake ni kuondoa utando wa unga wa jino unaoachwa na ukwanguaji. Haitegemewi kwa kuua vijidudu.

Ndugu wananchi, kutokana na maelezo hayo, hapana dawa moja inayotosha. Utaratibu unaokubalika na wengi ni kuosha kwa haipokloraiti muda wote wa kazi, kisha EDTA mwishoni. Haipokloraiti na klorheksidini zisikutanishwe ndani ya jino, kwani hutoa mashapo ya kahawia yanayoziba vitundu na kutia doa. Anayetaka kutumia zote mbili huosha kwanza kwa maji ya chumvi baina yake.

Watumishi wa vituo vya afya wanakumbushwa kuandika jina na nguvu ya dawa juu ya kila chupa, na kuihifadhi haipokloraiti mbali na jua na joto, kwani hupoteza nguvu.

Wananchi nao wanaombwa wazingatie haya:

1. Wende kwa tabibu mapema, na kabla ya kukubali kung'olewa waulize: "Je, jino hili laweza kuokolewa, na tiba hiyo inapatikana wapi?"

2. Wamweleze tabibu ikiwa dawa yoyote iliwahi kuwadhuru.

3. Wakati wa kuoshwa mzizi, akihisi maumivu makali ya ghafla, mgonjwa anyanyue mkono mara moja.

4. Asithubutu mtu kutia dawa ya kufulia katika jino lake nyumbani. Ya hospitali hupimwa nguvu yake, na jino huzungushiwa kipande cha mpira ili dawa isimwagike kinywani.

Jino la ukubwani likishang'olewa haliotei jengine. Kuuliza kabla ya kung'oa hakugharimu kitu.