Usukani wa Chombo na Maji Machache ya Pate



Kila aliyepata kwenda Pate kwa chombo anajua kwamba mji ule haufikiwi saa zote. Maji yakipwa, mchanga na matope hutokea, na nahodha hana budi kungoja yajae. Katika bahari ya namna hiyo usukani waweza kugonga chini ghafula, na chombo kisicho na usukani ni kama punda asiye na lijamu. Basi yafaa kila mwenye chombo aujue usukani wake ni wa namna gani.

Usukani wa jahazi na wa mashua huning'inia nje, nyuma ya chombo, kwa bawaba za chuma, nao hugeuzwa kwa kana. Utazame chombo kikiwa pwani: usukani usioshuka kupita mkuku hukingwa na mkuku; ule unaoupita utagonga kwanza.

Kiko na chombo cha miili miwili iliyounganishwa kwa mihimili, kiitwacho katamarani, jina lililotoka katika lugha ya Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja. Aghalabu sukani zake ni mbili, moja nyuma ya kila mwili, zikiunganishwa kwa fimbo ili zigeuke pamoja.

Sukani hizo ni za namna tatu. Ukiona ubao umeshikwa na bawaba tu, bila kiungo kingine, huo hauinuki. Ukiona ubao umebanwa kati ya vipande viwili, umepitishwa msumari mnene na kufungwa kamba, huo hukunjuka kwenda juu ukigusa mchanga. Ndio ufaao zaidi penye maji machache. Usipoona kitu nje, usidhani hakuna: usukani uko chini ya mwili wa chombo, mhimili wake umepenya ndani. Huo ukigonga mwamba, mhimili waweza kupinda, na maji yakapata njia ya kuingia chomboni.

Kwa hiyo, kabla ya kutweka tanga, tikisa usukani kwa mkono, chungua bawaba, kamba na ile fimbo ya kuunganisha, kisha chukua kasia la akiba. Mwenye kuazima chombo cha mwenziwe na amwulize kwanza: usukani huu huinuka, au hauinuki? Swali hilo ni jepesi likiulizwa pwani. Likiulizwa mkondoni, pepo zikivuma, limechelewa.