Shule ya Mtaa ni ya Nani?

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Majengo, Nairobi

Hatukuja kuzungumza juu ya Ikulu wala Bunge. Tumekuja kuzungumza juu ya shule ya msingi, ile ambayo watoto wetu huiendea kwa miguu kila asubuhi, na kuuliza swali ambalo katika miaka yote ya kudai mageuzi tumeliuliza kwa sauti ndogo mno: ni nani anayeitawala?

Kutoka hapa hadi uwanja wa Kamukunji si mbali. Huko ndiko Kenneth Matiba na Charles Rubia walikotuita tarehe 7 Julai 1990. Wao wenyewe walikamatwa siku chache kabla, nasi tukakutana na virungu na risasi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na mwaka uliofuata tukapiga kura tukiwa na vyama vingi. Lakini mwananchi aliyejifunza kumhoji mbunge wake aliendelea kuingia katika ofisi ya mwalimu mkuu akiwa ameshika kofia mkononi. Demokrasia ilifika langoni mwa shule, ikasimama hapo.

Sababu zake ni za zamani. Majengo yetu yalianza mapema katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja chini ya macho yake. Elimu ya Mwafrika katika siku hizo iliachiwa wamisionari kwa sehemu kubwa, na wazazi Waislamu, ambao katika mtaa huu walikuwa wengi, walisita kuwapeleka watoto wao wakihofia wasije wakarudi na dini nyingine. Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 iliyafanya makanisa kuwa wafadhili wa shule, si wenye shule tena. Mwaka 1970 serikali kuu ikazinyang'anya halmashauri za wilaya shule zao za msingi, pamoja na afya na barabara. Nairobi na miji mingine mikubwa ikaachiwa zake.

Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo mzazi wa Majengo aliweza, angalau kwa maandishi, kumchagua diwani, na diwani akaketi katika halmashauri iliyosimamia shule za jiji. Hatudai kwamba mambo yalikuwa mazuri. Madiwani wa kula mnawajua. Lakini njia ilikuwapo. Mwaka 1983 njia hiyo nayo ikafungwa: halmashauri ya jiji ilisimamishwa, ikawekwa tume ya watu walioteuliwa, na tume hiyo ikadumu hadi uchaguzi wa Desemba 1992. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1984 alimaliza la nane bila mzazi wake kupata diwani hata mmoja wa kumwuliza kwa nini madirisha hayana vioo.

Ipo mifano ya utaratibu mwingine. Huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, kuna vitongoji vya mashambani vilivyo na wilaya ya shule ya peke yake, nayo wilaya hiyo huenda ikawa na shule moja tu ya umma. Wenyeji huchagua bodi ya shule kwa kura ya siri. Bodi humwajiri mkuu wa shule, hupitisha bajeti hadharani, na shule huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya nyumba na ardhi za wenyeji hao hao. Hatuwaambii tuige yote. Utaratibu huo una dosari kubwa, kwani kitongoji cha matajiri hupata shule ya kitajiri, na cha maskini hubaki na umaskini wake; Majengo ingejitegemea kwa kodi yake, tungeisha. Linalotugusa ni hili moja: kwamba mkulima wa huko haoni ajabu kusimama mkutanoni na kuuliza shilingi ya shule imekwenda wapi. Hapa kwetu anayeuliza hivyo huitwa mchochezi.

Na sasa sikilizeni vizuri, kwa maana wengi hawajaambiwa. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea, ikaiachia serikali kuu shule za msingi. Walimu huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka katika kila shule ya umma Bodi ya Usimamizi, na ndani yake viti sita ni vya wawakilishi waliochaguliwa na wazazi. Viti sita! Mfadhili ana vitatu, walimu wana kimoja, Bodi ya Elimu ya Kaunti ina kimoja, na vingine ni vya makundi maalumu na watu wenye mahitaji maalumu. Hakuna kundi lenye viti vingi kuliko ninyi.

Hivyo viti hupotea vipi? Hupotea kimyakimya. Barua ya mkutano hutumwa jioni kwa mkono wa mtoto, mkutano ni kesho yake saa nne asubuhi, saa ambayo mama yuko sokoni na baba yuko kibaruani. Wanaofika ni ishirini. Orodha ya majina tayari iko mezani, imepigwa chapa, na watu wanaombwa kupiga makofi. Mnakumbuka kura ya mlolongo ya 1988, jinsi aliyekuwa na mlolongo mfupi alivyoweza kutangazwa mshindi? Viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipinga, tangu 1986. Basi makofi ya mkutano wa wazazi ni mdogo wake mlolongo, na tunastaajabu kwamba waliompinga kaka wanamvumilia ndugu.

Matunda yake mnayaona kwenye michango. Mwaka 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto shuleni wakaongezeka kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Serikali ikaanza kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Baadaye ikawa 1,420. Ni pesa kidogo, hatubishani. Lakini sheria yasema hakuna mchango wowote utakaotozwa bila idhini ya Waziri, na hata ukiidhinishwa, mtoto asikataliwe darasani kwa kukosa kuulipa. Basi mtoto anaporudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za mitihani au za mlinzi, aliyevunja sheria si mzazi.

Kuna pia ardhi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria, mali ya shule ikiwamo. Tarehe 19 Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliposimama kuudai, pamoja na wanaharakati, polisi waliwatupia gesi ya kutoa machozi. Ukuta ulianguka. Lakini jiulizeni, walikuwa wapi watu wazima wa shule wakati msingi wa ukuta ulipochimbwa?

Kwenu waumini tuna neno gumu kidogo. Viti vitatu vya mfadhili si zaka. Sheria inampa mfadhili nafasi ya kulea maadili, na papo hapo inamtaka alinde imani ya wasiokuwa wa dhehebu lake. Katika Majengo, ambako adhana na kengele husikika katika kichochoro kimoja, kanisa likijaza bodi kwa wazee wake na kumwacha nje mzazi Mwislamu, litakuwa limefanya kile kile tulichokilaumu kwa chama kimoja.

Kwa hiyo, kabla ya muhula kwisha, tunaomba kila kikundi kilichoko hapa kipeleke barua kwa shule ya mtaa wake, iwe na sahihi za wazazi, ikiuliza mambo haya: majina ya wanabodi na siku waliyochaguliwa, hesabu ya pesa za serikali zilizopokelewa mwaka huu na matumizi yake, hati ya kiwanja, na iko katika jina la nani, na kwamba mkutano ujao wa kuchagua wawakilishi uitishwe Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, kwa ilani ya majuma mawili, na kura iwe ya siri. Bakini na nakala. Majibu, au kimya, mtuletee, nasi tutayachapa katika jarida hili.