Moto Haujui Mpaka



Hapa Kalinzi kiangazi si likizo. Alfajiri tunamwagilia miche. Mchana tunakata nyasi na kutandaza chini ya mibuni, udongo usikauke. Samadi na mabaki ya jikoni twayarundika yawe mboji, yakingojea mvua. Asiyetumia mbolea ya dukani hutegemea nyasi hizo.

Basi awashaye moto kusafisha shamba lake humnyang'anya jirani rutuba, na chemchemi kivuli chake. Katika waraka *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba kuitunza dunia na kuwatetea maskini havitengani.

Je, sisi viongozi wa jumuiya ndogondogo hunyamaza kwa kuwa mchomaji ni ndugu yetu? Tupange siku moja, tufyeke mipaka kwa pamoja, kuuzuia moto. Amani huanzia mpakani.