Bahari Isiyo na Mashahidi

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa mtaa wa Mbotela, Nairobi



Yaweza kuulizwa: sisi tukaao Eastlands, karibu kilomita 500 kutoka pwani, mambo ya baharini yatuhusu nini? Jibu la kwanza limo katika jina la mtaa huu. Unaitwa kwa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Baba yake, James Mbotela, alizaliwa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, naye akaandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Ukoo huo ulijua mapema kwamba jahazi lionekanalo kuwa la biashara ya kawaida laweza kubeba maangamizi, iwapo hakuna aliye tayari kuuliza limepakia nini.

Jibu la pili ni chungu zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi liliua watu zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa watu kama sisi: makarani, wachuuzi, abiria wa basi. Katika kesi iliyoamuliwa New York mwaka 2001 ilielezwa kuwa mmoja wa waliohukumiwa, Mohamed Sadeek Odeh, alikuwa ameendesha biashara ya samaki huko Mombasa kwa mashua aliyopewa na al-Qaeda mwaka 1994. Kisha tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa, na makombora mawili yakaelekezwa kwa ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka Mombasa. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2003 kwamba makombora hayo yaliingizwa nchini kwa njia ya bahari yakitokea Somalia.

Hatusemi haya ili tumshuku mvuvi wa Vanga, Kipini au Kizingitini. Mvuvi mdogo ndiye wa kwanza kudhulumiwa. Twasema kwamba palipo na uvuvi usiohesabiwa, pana njia isiyolindwa. Na njia isiyolindwa haikosi wapitaji.

Tazameni jirani zetu wa Somalia. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, meli za kigeni ziliingia kuvuna bahari isiyo na mwenyewe. Wababe wa vita wakajifanya serikali, wakaziuzia leseni za uvuvi na kuzikodishia walinzi wenye bunduki. Fedha ya samaki ikawalisha wenye silaha, na wenye silaha wakailinda biashara ya samaki. Njia hiyo haijafa. Mwaka 2016 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi la uvuvi lisilo na bendera karibu na pwani ya Oman. Ndani yake zilikutwa bunduki karibu 2,000 za AK-47 na mitambo 100 ya kurushia maroketi, shehena iliyoaminika kuelekea Somalia.

Lakini tusiwe watu wa kunyooshea jirani kidole. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia waliiteka meli Faina ilipokuwa ikija Mombasa. Ilikuwa imebeba vifaru 33 aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi. Serikali yetu ikasema vifaru ni vya jeshi la Kenya. Andrew Mwangura, aliyekuwa akitetea mabaharia, akasema vinakwenda Sudan Kusini. Alilipwa nini kwa kusema hivyo? Alikamatwa na kushtakiwa. Meli iliachiliwa Februari 2009 baada ya kulipiwa fidia iliyotajwa kuwa dola milioni 3.2. Mwaka 2010 nyaraka za kibalozi za Marekani zilipofichuliwa, zilionyesha kuwa vifaru vile vilikuwa vya Sudan Kusini kweli.

Tulitafakari jambo hilo kwa makini. Tuliambiwa ni siri ya usalama wa taifa. Lakini maharamia walikuwa wameketi juu ya shehena hiyo kwa miezi minne, wakiihesabu. Dunia nzima ilikuwa ikiipiga picha. Aliyefichwa ukweli ni Mkenya peke yake, ambaye bandari ni yake na jina lililoandikwa kwenye hati ni la serikali yake.

Na meli ya kulinda bahari yetu, je? Mwaka 2003 serikali iliiagizia jeshi la majini meli kutoka Uhispania, kwa mkataba na kampuni ya Euromarine, kwa bei ya zaidi ya shilingi bilioni 4. Mkataba huo ukaingia katika orodha ya kashfa ya Anglo Leasing, malipo yakasimama, na meli Jasiri haikufika Mombasa hadi mwaka 2012. Katika miaka ile ile maharamia walipotamba, mlinzi wetu alikuwa amefungwa gatini Ulaya, mateka wa ufisadi.

Atakaye kuona samaki, silaha na ufisadi katika mkataba mmoja, na aende Msumbiji. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa dola zipatazo bilioni 2. Moja, EMATUM, ilikopa dola milioni 850, na wakopeshaji wakaambiwa ni za kununua meli za kuvua jodari. Baadaye dola milioni 500 za mkopo huo zikahamishiwa kwenye hesabu ya ulinzi. Mikopo mingine miwili ilifichwa, Bunge lisijue, hadi mwaka 2016. Ilipofichuka, wafadhili walisimamisha misaada, sarafu ikaporomoka, na mama wa sokoni akalipa deni ambalo hakulikopa. Ukaguzi wa mwaka 2017 haukuweza kupata maelezo ya dola milioni 500. Boti nyingi za jodari zilibaki zikiota kutu bandarini Maputo. Na Oktoba mwaka huo huo vita vikaanza Mocímboa da Praia, katika pwani ile ile iliyosemekana kuwa imekopewa ulinzi. Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alipatikana na hatia New York mwaka 2024.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tulipopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A, kilichofutwa Desemba 1991, hatukupigania wingi wa vyama tu. Vyama vingi bila hesabu zilizo wazi ni wezi wengi mahali pa mwizi mmoja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, yatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi twadai mambo manne.

Kwanza, kila leseni ya meli ya kigeni ya uvuvi itangazwe: jina la meli, mwenye meli, bendera na ada aliyolipa. Pili, kila shehena ya silaha ipitayo Mombasa au Lamu ijulikane na kamati ya Bunge yenye wajumbe wa pande zote. Tatu, pasiwe na mkopo wa meli, ya samaki au ya vita, usiopitishwa na Bunge. Nne, sheria imlinde baharia, karani wa forodha na mvuvi asemaye alichokiona.

Enyi waumini, wanafunzi wa kwanza wa Bwana waliitwa wakiwa kando ya nyavu zao. Kanisa lisione haya kuuliza habari za nyavu. Kamati ya haki na amani ya kila parokia na kila usharika iandike barua moja kwa mbunge wake ikidai mambo haya manne, ipeleke nakala kwa Kamati ya Bunge ya Ulinzi, na jibu lisomwe hadharani baada ya ibada. Lisipokuja jibu, lisomwe hilo pia, kwamba halikuja.